Picha ya Usoma: Mume Wangu, Dada Yangu na Filta Nyeusi

Picha ilipofunguka kwa skrini ya kamera, mume wangu alikuwa amemkumbatia dada yangu.

Si kukumbatia kwa salamu, jamani. Kukumbatia!

Paji la uso kwa paji la uso. Mikono ya mume imemshika mabegani, ya dada imeng'ang'ania shati. Ufuo mzima hakuna mtu mwingine. Wao wawili tu, na maji nyuma yao yametulia kama maziwa kwa sufuria.

Nilizoom. Nikazoom tena.

Shati ni lile la rangi ya machungwa, nililichagua kwa mikono yangu hapo soko la Kibuye. Kitenge cha kichwani ni changu. CHANGU! Sylvia, dada yangu huyo, alikikopa Krismasi akasahau kurudisha.

Nilikaa chini kwa mawe...

Wengi wenu picha hiyo mnaijua. Kama mwaka jana ulikuwa Facebook na una hata jamaa mmoja wa Kisumu, ilikupitia. Mlicheka. Mliwatag shemeji zenu. Kuna mmoja aliandika "hata samaki wamehama kwa aibu," akapata likes kunishinda mimi mwenye picha.

Basi leo mtulie. Mimi ndiye niliyeipiga. Naitwa Nekoye, na ile siku niliwapa nusu.

*

Kazi yangu ni picha za nje. Siwezi studio, mimi nataka jua na upepo. Harusi ufuoni, hoteli, kalenda za makampuni, hivyo.

Sasa kwa ziwa, adui yako wa kwanza ni mwangaza. Saa tano jua la Kisumu linapiga maji mpaka picha inatoka nyeupe pe! Ndiyo maana tunatumia filta, kile kioo cha kuweka mbele ya lenzi, kama miwani ya jua.

Zamani nilikuwa na zile za kuzungusha kama kifuniko cha chupa. Mchanga ukiingia kwa nyuzi zake, umekwisha. Kuna siku Hippo Point filta ilinikwamia mbele ya bwana na bibi harusi, nikakimbia kuomba koleo kwa fundi wa baiskeli. Wageni walinicheka, na Gordon alikuwa hapo akiona.

Gordon Oyugi. Mume wangu wa miaka sita. Mjaluo wa Nyakach, mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno machache.

Birthday yangu iliyofuata aliniwekea kijisanduku mezani, nyumbani kwetu Mamboleo.

Filta nne. Za sumaku!

Ziko hivi: pete moja unaifunga kwa lenzi, inakaa hapo siku zote. Halafu filta unaisogeza tu karibu... kap! Imejishika yenyewe. Ukitaka kuitoa, vidole viwili vinatosha.

"Sasa hutapigana na vioo tena mbele ya wateja," akaniambia.

Aki nilicheza nazo jikoni kama mtoto. Kap! kwa lenzi. Kap! kwa sufuria. Kap! kwa mlango wa friji. Gordon alicheka mpaka akamwaga chai.

Niliyoipenda zaidi ni ile nyeusi kabisa. Hiyo ukiibandika, ukichungulia kwa kamera huoni kitu. Giza. Kwa hivyo kazi yake ina utaratibu: kwanza unapanga picha, unalenga, unafunga kila kitu, ndipo unaibandika. Halafu unaiacha kamera ikunywe mwangaza polepole. Dakika mbili, tatu, nne.

Mawimbi yanalainika. Na watu wanaopitapita wanapotea, kwa sababu hawakai mahali pamoja muda wa kutosha kamera iwashike. Anayebaki kwa picha ni yule aliyesimama tuli.

Watu wa hoteli wanaipenda hiyo kitu vibaya sana. Wanataka ziwa, lakini hawataki wenyewe wa ziwa.

Ile filta ilinipa jina huu mji. "Tafuta Nekoye, atakusafishia ufuo." Na nilikuwa nausafisha kweli.

*

Sasa mjue Sylvia ni nani kwangu.

Mama yetu alikuwa muumini wa kanisa la kanzu nyeupe, kule kwetu Bungoma. Ngoma, msalaba mwekundu kifuani, kukesha. Alipovimba tumbo, walimwombea. Miezi sita wakimwombea! Siku tulipomfikisha hospitali, daktari aliuliza tu, "Mlikuwa wapi?"

Tukamzika. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sylvia alikuwa na tisa. Baba alikuwa ametangulia zamani.

Siku ya mazishi, wale wa kanzu walipokuja na ngoma zao, niliwafukuza. Kwa mawe, msinione vile. Na nikaapa mbele ya jamaa wote: "Mtu wa damu yangu akirudi kwa hawa watu, mimi si dada yake tena!"

Sylvia alisikia. Alikuwa amenishika sketi.

Nilimlea. Nilimsuka nywele, nikamsomesha, nikamleta Kisumu. Akapata nafasi ya chuo huko Bondo, akapata na mchumba, Laban, kijana mpole wa Webuye. Harusi ilikuwa ifanyike Desemba. Picha ningepiga mimi, nani mwingine?

Akiwa na shida alikuwa ananiambia mimi kwanza. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

*

Jumamosi ile nilimwambia Gordon naenda kupiga picha Kendu Bay.

"Utarudi saa ngapi?" akaniuliza.

"Jioni."

Nikiwa mlangoni akauliza tena. "Jioni kabisa?"

Mnaona? Mimi sikuona.

Nilipofika Katito, mvua! Mvua ya kumwagwa na ndoo, na upande wa Kendu mbingu nyeusi tii. Nikasema siku isiharibike bure. Nikageuza, nikarudi Kisumu, nikaenda ufuo wa Usoma. Huko jua la saa tano lilikuwa linachoma.

Nilijipachika mbali, juu ya mawe, na lenzi ndefu.

Ufuo ulikuwa umejaa. Vijana wanaosha pikipiki, akina mama wa samaki, watoto wanaogelea, watu wa kanisa na ngoma zao, ng'ombe watatu. Sikujali. Nikapanga, nikalenga, nikaibandika ile nyeusi. Kap!

Nikabonyeza.

Nikasimama upande wa upepo na mwavuli, kamera isitikisike, macho yangu kwa saa ya simu. Dakika nne. Sikuinua uso hata mara moja.

Halafu kamera yangu, baada ya picha ndefu namna hiyo, inajifungia tena dakika nne ikiisafisha kabla ya kukuonyesha. Nikajimiminia chai. Nikanywa.

Ndipo picha ikafunguka.

Niliinua kichwa kutazama ufuo wenyewe. Pale walipokuwa wamesimama, palikuwa na pikipiki inaoshwa. Walikuwa wameshaenda.

Nikarudi kwa skrini. Wamefifia kidogo, lakini ni wao. Na nyinyi mlioiona picha, mnakumbuka ule ukungu? Ukungu mweupe umewazunguka mpaka kifuani, ukawapendezesha kama maharusi. Hiyo ndiyo iliniuma kuliko yote. Nilijiambia, hata ziwa limewapamba!

Na kichwa changu cha mpiga picha kikapiga hesabu haraka: ili wabaki kwa hii filta, wamesimama hivyo zaidi ya dakika tatu. Bila kusogea. Nani anasimama na shemeji yake hivyo dakika tatu?

Sikumpigia Gordon simu. Sikumpigia Sylvia.

Nilituma picha kwa simu yangu palepale kwa mawe, chai haijapoa, nikaandika:

"Huyu ni mume wangu. Huyu ni dada yangu wa damu, nimemlea tangu akiwa na miaka tisa. Walidhani niko Kendu Bay. Kisumu, mnionee."

Nikapost.

*

Gordon aliingia nyumbani saa kumi jioni. Tayari simu yake ilikuwa imelia mpaka betri ikafa.

"Nekoye, umefanya nini?"

"Mimi? MIMI ndiye nimefanya?"

"Toa hiyo picha kwanza."

"Ulikuwa Usoma?"

"Nilikuwa."

"Na Sylvia?"

"Na Sylvia. Lakini hatukuwa peke yetu."

Nilicheka, nikamtupia simu. "Nionyeshe wa tatu."

Akaishika. Akatazama. Akaisogeza machoni, akaipeleka mbali.

"Hii picha... haikuwa hivi."

"Kamera haidanganyi, Gordon!"

"Nekoye, muulize Sylvia. Mimi niliapa sitasema."

"Uliapa mara moja tu! Mbele ya padri, ukiwa umeshika mkono huu!"

"Mpe mpaka Jumatatu. Nakuomba. Jumatatu utajua yote."

"Jumatatu utanikuta na wakili!"

Nikarusha nguo zake nje. Majirani wote wa ploti walikuwa kwa veranda, wengine na simu juu. Gordon aliokota shati moja moja, akazikunja, akaenda kwao Nyakach. Hakuniinulia sauti, na hiyo pia niliihesabu kuwa ni hatia.

Sylvia alipiga simu mara kumi na moja. Nilishika moja.

"Dada, toa picha kwanza, halafu nitakuambia kila kitu..."

"Kwanza nitoe picha? Hicho ndicho cha kwanza?"

"Dada, sikiza. Jumatatu niko na..."

Nikakata. Nikamblock.

Watu wa Laban walituma ujumbe Jumapili, baada ya kanisa. Maneno saba tu: "Tumeona. Mambo ya Desemba msijisumbue nayo tena." Nilisoma nikasema, vizuri sana.

*

Na nitasema ukweli wote, kwa sababu huo ndio ulionileta hapa. Ile picha ilinifaa.

Mlinipenda! Mliniita mwanamke jasiri. Wateja waliongezeka, kila mtu anataka kupigwa picha na "yule dada wa Usoma." Nilialikwa kuzungumza na akina mama kuhusu wasaliti wa nyumbani. Nilienda. Nilipigiwa makofi.

Comments nilisoma zote, asubuhi na jioni.

Kulikuwa na mzee mmoja, Wakhisi, picha yake ya profile ni trekta. Aliandika: "Mimi si mtaalamu. Lakini ukungu saa tano mchana, Kisumu, umetoka wapi?"

Mlimcheka. Mkamwambia anatetea uchafu. Mimi mwenyewe nilimwekea emoji ya kulia kwa kicheko.

Mzee wangu, kama unasoma, nisamehe. Ulikuwa na jicho kunishinda.

*

Miezi mitatu ikapita.

Mwezi wa tisa nilirudi Usoma kwa kazi ya kalenda. Njaa ikanishika. Nikaenda kwa mama mmoja anayekaanga samaki wa ngege hapo karibu na maji, Min Apiyo, mama mnene wa sauti kubwa.

"Mama, nifungie hiyo moja kubwa."

Akanitazama. Akafunika karai.

"Wewe siuzii, nyar Bungoma," akasema, yaani binti wa Bungoma.

"Nimekukosea nini, mama?"

"Si ni wewe wa ile picha?"

"Ni mimi," nikasema, nikatabasamu. Nilikuwa nimezoea kupongezwa.

"Sasa niambie. Sisi ulitupeleka wapi?"

"Nyinyi nani?"

"Sisi! Watu kumi na saba!" Akapiga kifua. "Mimi na ngoma nilikuwa hapa mbele. Hapa! Tulizunguka hao watoto tukiimba mpaka jasho ikaingia macho. Halafu msichana yangu ananionyesha picha kwa simu, hatuko. Hata mmoja! Nikasema, Nyasaye, Mungu wangu, huyu mwanamke ni mchawi ama ni nini?"

"Mliwazunguka... kwa nini?"

"Si tulikuwa tunaombea yule msichana?"

Nilishika mti wa kibanda. Alikuwa bado anaongea.

"Sisi hivyo ndivyo tunaombea mgonjwa. Yeye anasimama. Mtu wa nyumba yao anamshika, mmoja tu, kichwa kwa kichwa. Hawasogei. Wakisogea tunaanza upya. Sisi ndio tunazunguka na wimbo mpaka iishe. Hiyo siku wimbo ilikuwa ndefu. Yule jamaa alimshika vizuri, hata machozi hakupanguza."

Nilitoa simu. Nikaifungua ile picha niliyoitazama mara elfu. Min Apiyo akaweka kidole chenye mafuta juu ya kioo, juu ya ule ukungu.

"Na hii nyeupe ni nini?"

Kanzu.

Kanzu kumi na saba zinazozunguka, wimbo mzima, mbele ya filta nyeusi. Niliwaona nilipofika! Niliwasikia na ngoma zao! Mimi, Nekoye, ninayewafuta watu kila wiki na kulipwa, nilisahau kwamba hiyo ndiyo kazi ya kile kioo. Gordon aliniambia hawakuwa peke yao, nikamwonyesha picha kuwa ni mwongo.

"Alikuwa mgonjwa wa nini?"

Min Apiyo akapunguza sauti kwa mara ya kwanza.

"Titi. Alikuwa na kitu hapa, kama mbegu ya mahindi. Jumatatu wanamkata. Hakukataa hospitali, nyathina, mtoto wangu, alikuwa na barua na kitanda. Alitaka tu maombi ya mama yake kwanza, roho itulie. Nilimuuliza, mtu wa kwenu wa kukushika ni nani? Akasema, iko dada yangu, lakini kwa watu kama nyinyi dada hawezi fika, na akijua ataniacha. Ndio akaleta shemeji."

Pale alipokuwa amesimama Gordon palikuwa mahali pangu. Niliwafunga midomo mwenyewe kwa kile kiapo cha makaburini, kisha nikawahukumu kwa kunyamaza.

Min Apiyo alinifungia ngege bila kuitisha kitu. Samaki huyo nilimwacha juu ya mawe.

*

Nilifika Bondo mchana uleule. Chuoni wakaniambia Sylvia amehamia chumba cha rafiki yake, nyuma ya soko. Aliponifungulia mlango, nilidhani nimekosea nyumba. Shingo imekuwa nyembamba. Mkono wa kushoto ameubana kifuani kama anabeba kitu.

Kitenge changu kilikuwa kimekunjwa vizuri juu ya begi.

"Nilikuwa nataka kukirudisha," akasema. Hilo ndilo neno lake la kwanza.

Nilipiga magoti. Nililia mpaka rafiki yake akatoka nje.

"Sylvia, Jumatatu ile... ulienda?"

"Nilienda, dada. Begi nilikuwa nimefunga tangu Ijumaa."

"Halafu?"

"Nilikaa kwa benchi na wengine. Mama mmoja kando yangu alikuwa na simu. Akaangalia simu, akaniangalia mimi. Akaangalia simu tena. Halafu akasogea."

Akakigusa kitenge juu ya begi, akaendelea.

"Akampitishia mwenzake. Nikaona benchi yote inapitisha simu. Nikachukua begi langu nikatoka."

"Hukurudi?"

"Ningerudi aje? Kila nikivaa viatu, nawaza hilo benchi. Hata shemeji nilimwambia nimeshakatwa, na asikuambie kitu."

Ile mbegu ya mahindi ilikuwa sasa kama yai, na chini ya kwapa kulikuwa na zingine.

Nilimpeleka hospitali siku hiyohiyo. Gordon alikuja kutoka Nyakach bila kuniuliza swali, akambebea begi. Walimkata. Daktari alikuwa mama wa heshima, hakutaka kutuumiza, lakini nilimsukuma aseme. Akasema, mwezi wa sita ingekuwa hadithi nyingine.

Sylvia hakunitukana hata siku moja. Heri angenitukana.

Januari, siku aliyokuwa na nguvu kidogo, aliomba tumpeleke Usoma.

"Nipige picha, dada. Lakini hicho kioo chako cheusi ukiache nyumbani."

Nikampiga. Picha moja, ya haraka, ya kufumba na kufumbua. Amekaa kwa kiti cha plastiki, kitenge changu kichwani, na nyuma yake kila mtu yumo: wa pikipiki, wa samaki, mtoto anarusha maji, Min Apiyo na karai lake. Picha chafu kabisa kwa macho ya hoteli.

Aliitazama muda mrefu.

"Hii ni nzuri," akasema. "Hii ndiyo mtaweka."

Nilijifanya sijaelewa ni wapi. Tuliiweka mwezi wa tatu, ukurasa wa mbele wa programu ya mazishi.

*

Watu wa kanzu walikuja Bungoma na ngoma zao. Kumi na saba, kutoka Kisumu. Safari hii sikushika jiwe. Walizunguka jeneza, na Min Apiyo akaniambia, "Simama hapo, wewe ndiye mtu wa nyumba." Nikasimama. Wimbo ulikuwa mrefu kweli.

Laban alisimama mbali, karibu na lango, akaondoka kabla ya chakula.

Gordon alinikuta nyuma ya jikoni. Nilidhani amekuja kunirudia. Nilikuwa nimepanga maneno mengi.

"Nekoye," akasema, "ungeniuliza tu."

"Nilikuuliza! Jioni ile nilikuuliza!"

"Ulikuwa umeshawaambia watu elfu mbili."

Akanipa mkono kama anavyopewa mfiwa yeyote, akaenda. Tangu siku hiyo tunaongea kwa wakili.

*

Sasa nyinyi.

Ile picha niliifuta kwangu zamani. Kwenu bado iko. Wiki jana tu kuna mtu ameipost kwa group ya vichekesho, ameongeza muziki. Nilimwandikia inbox kwamba huyo msichana ameshazikwa. Akanijibu, "Pole, lakini imeenda viral."

Ile ya uongo mliishare mara elfu nne na mia mbili. Mwezi wa nne niliandika ukweli, kwa kifupi, na ile picha ya kiti cha plastiki. Mkaishare mara kumi na moja. Niliwahesabu. Mmoja ni Mzee Wakhisi wa trekta.

Najua mtaniambia majuto ni mjukuu. Mnaweza kusema, mimi nimeshajiambia mabaya zaidi.

Lakini nawe uliye hapo, kidole juu ya kitufe, una picha ya mume wako, ya jirani, ya mwalimu wa mtoto wako... mpigie simu kwanza. Hata ukiwa unatetemeka kwa hasira. Mwambie, "Nimekuona mahali fulani, nieleze." Akikudanganya, picha haitaoza, utaipost kesho. Mimi nilikuwa na simu mkononi, na jina la Gordon lilikuwa la kwanza kabisa kwa orodha.

Filta tatu nimempa msichana anayeanza kazi. Ile nyeusi imejishika kwa mlango wa friji, pale nilipoibandika siku ya birthday, nikicheza. Imeshikilia programu ya mazishi, uso wa Sylvia ukiwa nje.

Nikitaka maziwa, nafungua mlango polepole isianguke.